Anayefundishwa na Anayejifundisha: Kompyuta Hupataje Mbinu za Mchezo?

Mei 1997, jijini New York, kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia wa sataranji, Garry Kasparov, kwa pointi 3.5 kwa 2.5. Ilikuwa na uwezo wa kupima mikao ya kete milioni 200 kwa sekunde. Lakini vigezo vya kupimia ilivikuta tayari. Wahandisi, wakisaidiwa na magwiji kama Joel Benjamin, ndio walioingiza uzito wa kila kete, usalama wa mfalme na namna ya kufungua mchezo. Marekebisho ya kati ya mchezo mmoja na mwingine nayo yalifanywa na watu.

Kwenye Go, mchezo wa kale wa China, njia hiyo iligonga mwamba. Ubao wake una makutano 361, na hata mabingwa hushindwa kueleza kwa kanuni kwa nini mpango fulani wa kete ni mzuri. Kampuni ya DeepMind ya London ikaamua kuionyesha programu yake, AlphaGo, mikao kama milioni 30 kutoka michezo ya wachezaji hodari ili iwaige kwanza, kisha ikacheza na nafsi yake. Machi 2016, jijini Seoul, ilimshinda gwiji wa Go, Lee Sedol, 4-1. Katika mchezo wa pili, hatua ya 37, iliweka kete mahali ambapo, kwa hesabu yake yenyewe, binadamu angepachagua mara moja katika 10,000. Wapo wachambuzi waliodhani imekosea, lakini mchezo huo ilishinda.

Mwaka 2017 ikaja AlphaGo Zero, ambayo haikuonyeshwa mchezo hata mmoja wa binadamu. Ilianza kwa kuweka kete ovyo. Kwa kila mkao ilikadiria mambo mawili: hatua zipi zinafaa, na nani ataelekea kushinda. Ikapekua hatua za mbele, ikacheza hadi mwisho, kisha matokeo yakasahihisha makadirio yake. Baada ya siku 3 na michezo kama milioni 4.9 ya kujichezea, iliicharaza ile ya Seoul 100-0.

Wengi husema ilianzia sifuri. Sikubaliani nao: sheria za mchezo na mbinu ya kupekua ilipewa. Isitoshe, ilijifunza kwa mpangilio wake. Kuna mtego uitwao ngazi, ambapo kete hufukuzwa mshazari hadi ukingoni mwa ubao. Binadamu hufundishwa huo mapema kabisa, ila AlphaGo Zero iliuelewa ikiwa tayari imekwenda mbali.

Mapengo ya namna hiyo yana gharama. Mwaka 2023 Mmarekani Kellin Pelrine, mchezaji wa ridhaa, aliishinda KataGo, programu nyingine hodari iliyojifunza kwa kujichezea, michezo 14 kati ya 15. Udhaifu wa programu hiyo ulikuwa umegunduliwa kwa msaada wa kompyuta. Pelrine alikuwa akizungushia kete za mpinzani duara kubwa polepole, huku akiishughulisha programu kwenye pembe nyingine za ubao. Duara likikaribia kufungwa, KataGo bado haikuona hatari ambayo mchezaji wa kawaida angeitambua.

Baadaye KataGo ilifanyishwa mazoezi ya mikao ya aina hiyo. Mwaka 2024 watafiti walionyesha kwamba bado inashindika kwa mashambulizi mapya.