Ndama Kabla Hajazaliwa (3): Gegedu, Homoni na Chumvi ya Gongoni

Wiki iliyopita tuliona kwamba mifupa mingi ya ndama huanza tumboni ikiwa gegedu. Aliyewahi kupasua goti la ndama aliyezaliwa mfu ameliona: kofia nyeupe yenye kung'aa mwishoni mwa mfupa, na ndani zaidi utepe mwembamba wa gegedu. Utepe huo ndio unaorefusha mguu. Seli zake hugawanyika, hujipanga safu, huvimba, kisha mfupa huchukua mahali pake.

Ndani ya kiini cha seli hizo mna vipokezi vya homoni ya tezi ya koo. Wengi hudhani kipokezi kisicho na homoni kimelala tu. Sivyo! Hukaa juu ya jeni kama bawabu aliyefunga mlango, na jeni haifanyi kazi mpaka homoni ifike. Kwa hiyo ndama aliyepungukiwa na homoni hupata hasara mara mbili: amri ya kukomaa haiji, na kizuizi hakiondoki.

Homoni ya mama haivuki kondo la ng'ombe ila kidogo mno. Kinachovuka ni madini ya iodini, na kijusi huyatumia kujitengenezea homoni yake mwenyewe. Mama akikosa iodini, ndama huzaliwa mfu au dhaifu, pengine hana manyoya na koo limevimba.

Hapa ndipo Kilifi yetu inapohusika. Muhogo ni chakula chetu, na maganda yake hupewa mifugo. Maganda mabichi yana sumu ya sayanidi. Mwili huigeuza kuwa thayosayaneti, nayo huizuia tezi kufyonza iodini. Yakikatwakatwa na kuanikwa juani, sumu hupungua sana.

Tena tusidanganyike na ujirani wa bahari. Maji yakikauka kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, iodini inayobaki ni haba. Ndiyo maana tangu 1978 sheria ya Kenya inataka chumvi ya kula iongezwe iodini kiwandani. Chumvi ghafi haijapitia hatua hiyo.

Mfugaji mwenzangu wa Magarini na Ganze, ng'ombe akishika mimba usingoje miezi ya mwisho: mpe chumvi ya kulamba yenye iodini, na maganda uyaanike kwanza. Ukimwona ndama mchanga kavimba koo, mwite daktari wa mifugo kabla wengine hawajazaa.