Veranda za Kenyatta Street: Mambo ya Kujua Kabla ya Kubomoa Duka la Zamani

Mvua ya alasiri ikianza Kitale, mji mzima huhamia chini ya veranda. Mama aliyetoka sokoni, mwanafunzi, mwendesha bodaboda na fundi cherehani husimama pamoja wakisubiri, na mwenye duka huuza hata kwa mtu ambaye hakuwa na nia ya kununua. Veranda hizo zilijengwa makusudi, na zinazidi kupungua.

Kando ya Kenyatta Street na barabara zinazoikata bado yapo maduka ya enzi za ukoloni. Utayatambua kwa ukuta mfupi wa urembo unaoficha paa la mabati, ambao mara nyingine huwa na mwaka wa ujenzi ulioandikwa kwa saruji, na kwa nguzo zilizopangwa mbele. Baadhi yamebomolewa kupisha maghorofa. Mengine yamezibwa kwa mabango hadi mpita njia hajui kuna nini nyuma yake. Makala haya yanaeleza majengo hayo yalitokana na nini, na sheria inasemaje mwenye ploti anapotaka kuyabadilisha.

Reli ya tawi kutoka Leseru, karibu na Eldoret, ilifika Kitale mwaka 1926. Wakati huo Trans Nzoia ilikuwa nchi ya masetla. Sera ya ukoloni, iliyothibitishwa na Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Lord Elgin, mwaka 1908, iliwatengea Wazungu mashamba ya nyanda za juu. Mhindi hakuruhusiwa kumiliki shamba huku, lakini aliweza kupata ploti ya biashara mjini. Ndiyo maana katikati ya mji kulijaa maduka yao, na ndiyo maana maduka hayo yana umbo hilo. Familia iliyonyimwa shamba ililazimika kuweka kila kitu kwenye ploti moja nyembamba na ndefu: duka mbele, vyumba vya kulala nyuma yake, kisha ua wenye jiko na stoo, na mwishoni kichochoro cha kuzolea uchafu wa choo. Ukiingia leo kwenye duka la simu ukapita mlango wa nyuma, huenda ukakuta ua huohuo umejaa makreti ya soda.

Veranda ndiyo sehemu yenye akili zaidi katika jengo lote. Inazuia jua lisichome bidhaa na kupausha nguo zilizotundikwa. Inakinga ukuta dhidi ya mvua, na katika mji unaopata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, hilo si jambo dogo. Zaidi ya hayo, inampa mtu wa biashara ndogo mahali pa kuanzia, kwa sababu cherehani moja na kiti vinatosha. Duka moja likiziba veranda yake kwa vyuma ili kuongeza chumba, linapata nafasi kidogo, lakini wapita njia wanasukumwa barabarani, na maduka ya jirani yanapoteza wateja waliokuwa wakitembea kivulini. Hasara hiyo haionekani kwenye risiti ya mtu mmoja.

Majirani zetu wa Bungoma wana historia tofauti. Mji wao ulikua kando ya reli kuu iliyotoka Nakuru kupitia Eldoret kuelekea Uganda, ambayo ilifika Kampala mwaka 1931, na eneo hilo lilikuwa ndani ya hifadhi ya Waafrika. Wahindi walikuwepo, ila walifanya biashara katikati ya wakulima Wabukusu waliouza mahindi yao wenyewe. Hata sasa, anayetembea Moi Avenue ya Bungoma akitafuta dalili za mji wa kizungu hatapata nyingi. Anachoweza kujifunza huko ni jinsi stesheni na soko vinavyouvuta mji. Wafanyabiashara wa Kitale na Bungoma wamekuwa wakivuka mpaka huo kila siku tangu zamani, na veranda ni lugha ambayo miji yote miwili inaielewa.

Baada ya Uhuru maduka yalibadilisha mikono. Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967 iliwazuia wasio raia kufanya biashara katika maeneo mengi ya nchi, na shirika la serikali la ICDC likatoa mikopo kwa Waafrika ili wanunue maduka. Wahindi waliochukua uraia walibaki, na hapa Kitale jina la Khetia's linajulikana hadi leo. Kwa hivyo anayedai kwamba majengo haya ni ukumbusho wa wakoloni na hayatuhusu, amesahau kwamba kwa zaidi ya nusu karne mikopo ya Wakenya imelipwa kwa mauzo ya humo ndani.

Sasa tuje kwenye kuta zenyewe. Kiwanda cha saruji cha Nairobi kilianza mwaka 1933, na cha Bamburi kikaanza kuzalisha mwaka 1954. Kabla ya hapo saruji ilitoka ng'ambo na ilikuwa ghali. Si ajabu basi kukuta chokaa au udongo kati ya mawe ya jengo la miaka ya 1920. Kwaruza kiungo kwa msumari: kikipukutika kama unga mweupe, huenda hiyo ni chokaa. Ukuta wa chokaa hupitisha unyevu. Ukiupiga plasta nzito ya saruji, maji yanayopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea, rangi hubanduka, na baada ya misimu michache mwenye jengo husema limeoza. Mara nyingi kilicholiharibu ni ukarabati wenyewe. Kabla ya kumwita fundi wa plasta, rekebisha mifereji ya paa na uondoe udongo uliorundikana chini ya ukuta. Nyaya za umeme za zamani nazo zikaguliwe na fundi mwenye leseni, kwa maana moto hauna huruma na dari za mbao.

Si kila duka kuukuu linafaa kuokolewa. Lenye msingi uliozama na nyufa zinazopanuka ni hatari kwa wapangaji, na mhandisi akisema libomolewe, libomolewe. Lakini ploti ndefu za Kitale zina faida moja ambayo wamiliki wengi hawaitumii: ua wa nyuma. Unaweza kubakiza duka la mbele na veranda yake, kisha ukajenga ghorofa uani. Kodi ya vyumba inapatikana, na barabara haipotezi sura yake.

Kisheria, Katiba ya 2010 inaipa serikali ya kitaifa jukumu la makaburi na majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Mipango ya miji, masoko, leseni za biashara na makumbusho ya kaunti ni kazi ya kaunti. Chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, jengo linaweza kutangazwa kuwa turathi katika Gazeti Rasmi la Serikali. Hata hivyo, tangazo halizibi paa linalovuja. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2000, lakini tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka.

Kwa duka la kawaida ambalo halimo kwenye orodha yoyote, kinga iliyopo ni kibali cha ujenzi. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema hakuna mtu anayeruhusiwa kuanza ujenzi ndani ya kaunti bila kibali cha kaunti. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Kabla ya kuziba veranda, angalia pia ramani ya upimaji: huenda unaposimamisha vyuma ni ardhi ya barabara na wala si ploti yako.

Haki hii haiishii kwa mwenye ploti. Mwombaji, au mtu mwingine yeyote anayehusika, asiyeridhika na uamuzi kuhusu kibali anaweza kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya uhusiano wa mipango ya ardhi ndani ya siku 14 tangu uamuzi utolewe. Mpangaji wa duka la jirani anaweza kuwa mtu huyo. Anayetaka ushauri aende afisi ya ardhi na mipango ya kaunti akiwa na nakala ya hati ya ploti, ramani ya upimaji na picha za jengo lilivyo sasa, mbele na nyuma. Na kama nyumbani kuna picha ya zamani ya duka hilo, aje nayo pia, kwani inaweza kuonyesha nguzo ambazo bango limezificha kwa miaka mingi.