Hadhari na Springi za Milango ya Mabanda ya Magari

Wananchi na watumishi wa Serikali wenye kutumia milango ya chuma ya kupandisha juu, katika mabanda ya magari na mabohari, wanakumbushwa kuwa wepesi wa milango hiyo hautokani na nguvu za mkono. Uzito wa mlango huchukuliwa na springi iliyosokotwa juu yake. Mlango ukiwa umefungwa ndipo springi hiyo hukazika zaidi. Ikilegezwa ovyo huweza kuvunja mkono, kupofua jicho au hata kuua.

Springi ya kawaida hukadiriwa kustahimili kufunguliwa na kufungwa mara 10,000. Mlango unaofunguliwa mara 4 kwa siku huitimiza idadi hiyo kwa karibu miaka 7. Hewa ya chumvi huleta kutu na kuupunguza muda huo.

Mlango ukiwa mzito ghafla, ukienda upande, au springi ikionekana kuachana, mlango usiguswe, watu wasipite chini yake, na aitwe fundi mwenye ujuzi na zana zake. Wakuu wa sehemu wasiwaagize walinzi wala matarishi kuifungua springi hiyo.