Korosho Ambayo Bado ni Ua

Msimu wa korosho huanza miezi kadhaa kabla ya korosho yenyewe. Newala na Tandahimba, kusini mwa Tanzania, mikorosho hutoa maua katikati ya mwaka, na ugonjwa wa ubwiriunga hauchelewi kuyafuata. Dawa yake iliyozoeleka ni salfa: karibu robo kilo kwa mti, tena mara kadhaa. Korosho zitaokotwa kuanzia Septemba au Oktoba. Juni mkulima ana miti, hana pesa.

Hapo ndipo mtu wa kangomba anapobisha hodi.

Kangomba ni bakuli linalotumika badala ya mizani, na jina lake limekuwa jina la biashara nzima. Mnunuzi anatoa pesa sasa, korosho zitalipwa baadaye kwa kipimo na bei aitakayo yeye. Viongozi wamemlaani sana mtu huyu, na si bila sababu. Hata hivyo, ndiye mkopeshaji anayefika hadi uani bila kudai hati ya shamba, na ardhi nyingi ya vijijini inamilikiwa kimila tu.

Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 ilikuja na wazo jingine: mazao yenyewe yawe dhamana. Kwa korosho, mfumo huo ulianza Mtwara msimu wa 2007/08. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika, unapimwa na kupangwa kwa daraja, unaingia ghala kuu, na stakabadhi inatolewa. Benki ilikikopesha chama kwa dhamana ya mzigo huo, mkulima akapata malipo ya kwanza, yaani sehemu ya bei dira, bei ya chini iliyotangazwa kabla ya mnada. Salio lilisubiri mnada. Korosho nyingi zikauzwa pamoja, wanunuzi wakazishindania kwa zabuni, na hapo mkulima mdogo akapata nguvu ambayo peke yake asingeipata.

Lakini bei ilipoanguka mnadani, deni la benki lilikatwa kwanza. Aprili 2013, huko Liwale, hasira juu ya malipo pungufu ziliishia kwenye nyumba kuchomwa moto. Mwaka 2018 wanunuzi walipotoa bei ndogo, serikali iliamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kusomba.

Na bado stakabadhi humsaidia aliyekwisha kujaza gunia. Mkulima wa Juni haimjui.

Pengo hilo limejaribiwa kuzibwa na vikundi vya kuweka na kukopa, vya aina ile ambayo shirika la CARE liliianzisha na wanawake wa Maradi, Niger, mwaka 1991. Wanachama hununua hisa, hukopeshana, na mwisho wa mzunguko hugawana. Fedha zao ni kidogo mno kununulia shamba zima salfa. Uzuri wake ni kwamba siku ya kugawana hupangwa na wenyewe, na hakuna kinachowazuia kuiweka Mei.