Satelaiti Isiyotulia

Dishi la king'amuzi lililofungwa juu ya bati pale Nyarugusu, Geita, likishaelekezwa na fundi haliguswi tena mpaka upepo ulisukume. Satelaiti yake iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, inazunguka sambamba na Dunia, na kwa macho yetu imesimama. Kwa mtazamaji wa mpira umbali huo si kitu. Kwa askari aliye porini ni adha: mawimbi hufika hoi, mawasiliano ya kasi hudai dishi kubwa na umeme wa kutosha, na swali na jibu lake hupoteza karibu nusu sekunde njiani.

Satelaiti ndogo inayopita kilomita 800 juu husikika kwa redio ndogo ya kubebeka. Tatizo ni kwamba haikai. Huchomoza, na baada ya robo saa hivi imekwishatua. Ikiwa njia yake hupita juu ya ncha za Dunia, aliye Mwadui, Shinyanga, huipata mara nne hivi kwa siku. Aliye Svalbard, kule kwenye barafu, huipata karibu kila inapozunguka.

Wanajeshi walianza kwa kukubali kungoja. Satelaiti hupokea ujumbe, huuhifadhi, kisha huushusha ikifika juu ya mlengwa. Kikosi cha Marine cha Marekani kiliitumia hivyo MACSAT, iliyorushwa Mei 1990, kuagizia vipuri katika Vita vya Ghuba. Mbinu hiyohiyo ilifika hospitali ya Muhimbili miaka hiyohiyo, kwa kazi ya amani: SatelLife, shirika la daktari Bernard Lown aliyepinga silaha za nyuklia, lilitumia satelaiti za HealthSat kuwapelekea madaktari barua na makala za tiba.

Leo hakuna kungoja, anga imejazwa. Starlink, mtandao wa kampuni ya Elon Musk, ina maelfu ya satelaiti, nyingi zikiwa kama kilomita 550 juu, na moja ikitua nyingine iko tayari. Nyingi hupita njia zilizoinama nyuzi 53, hivyo husongamana karibu na latitudo ya Ukraine na kutawanyika huku kwetu ikweta.

Udukuzi ulipoangusha modemu za satelaiti ya KA-SAT iliyohudumia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, siku Urusi ilipoivamia nchi hiyo, Starlink ikawa tegemeo la jeshi la Ukraine. Lakini Musk alisema mwenyewe, Septemba 2023, kwamba alikataa ombi la kuwasha huduma hadi Sevastopol, bandari ya Crimea iliyo mikononi mwa Urusi. Kwangu, swali la nani anaweza kuzima linatangulia lile la satelaiti ni ngapi.