Kamera Yenyewe Haiko kwa Simu

Saa kumi na moja asubuhi Gikosh baridi inauma maskio, lakini ukiskia kisu kikigusa mkanda wa belo unasahau. Kilo 45 za jinzi zimebanwa kama wasee wa Githu kwa mat ya saa moja jioni. Mkanda ukikatika belo inapumua, mikono inaingia, na hapo hakuna heshima hata kwa mathe wa watu. Hizo dakika za kwanza ndizo za kamera. Kama hujawahi fika, kamera ni zile nguo za kuchaguliwa mbele ya wengine wote: hazina doa, zipu inakubali, rangi bado inaongea. Zikiisha inakuja ya pili. Jioni inabaki fagia, mbao mbao, na hiyo usiniulize.

Sasa ile jinzi ilikuwa imeshikwa na mikono minne alfajiri, saa nne iko Instagram. Mwenzake wa belo hiyo hiyo ako kwa ukurasa mwingine, na mwingine, na mwingine. Zote ziko kwa hanga ya waya, ukuta mweupe, taa ya duara imewaka mpaka longi inakaa imetoka jasho. Chini wameandika: "Moto sana. Bei inboksi."

Manze, bei inboksi ni ugonjwa. Msee ako kwa mat, bando yake ni ya mbao, ameona longi akaipenda, halafu unataka aje akubembeleze umtajie bei? Anajua venye huendanga. Utaingia kwa profaili yake kwanza, na ukipata amepiga picha Diani, bei imepanda. Anapita tu.

Halafu kuna ile vita ya kushusha. Huyu anauza 700, jirani anaweka 650, wa tatu 600. Na kamera yenyewe ulitoa 350 Gikosh, ukapanda mat, ukafua, ukapiga pasi, ukanunua bando. Ukifika 500 sasa unafanyia wera rider. Na hata huko chini utapata mtu amekushinda, juu yeye hajui kuhesabu.

Niko na beshte wa Umo anauzanga jinzi za madem tangu tukiwa chuo. Taa ya duara hana. Simu yake kioo imepasuka kwa kona. Kenye ako nacho ni tepu ya fundi wa nguo. Juzi nilimpata kwa keja yake ameketi sakafuni, longi imelazwa kwa mkeka, anapima akiandika: "Kiuno 32. Urefu 41. Paja 24. Kuna doa ya blichi nyuma ya goti la kushoto, cheki picha ya tatu. 700, haipungui." Hiyo picha ya tatu ameipiga karibu mpaka unahesabu nyuzi. Akimaliza anaivaa, anaegemeza simu kwa sufuria, anachuchumaa, anasimama, anachuchumaa tena. Video ya sekunde kumi, bila muziki, uone kama kiuno kinakuaibisha nyuma.

Mimi nilimcheka kwanza. Nani huonyesha doa na hajaulizwa? Halafu nikakumbuka njumu zangu. Kuna ukurasa mmoja, jina nimeze, niliutumia 2,500 nikaletewa kitu soli imebandikwa usiku huo, gundi bado inanuka. Kupiga simu, mteja. Tangu hiyo siku nikiona kitu onlaini kimeng'aa kila upande, nashtuka. Bei ningeipata mahali, hata kwa Fuliza. Kenye kinanizuia ni uoga ya kuletewa kitu ingine. Sasa mtu akikuanikia doa moja bila kulazimishwa, unaanza kuamini hakuna ya pili, na vidole vyako vishaanza kutafuta namba ya til.

Nairobi hii somo ya kujitofautisha tulipewa kwa barabara. 2004 sheria za Michuki zilileta mstari wa njano kwa kila mat, ungedhani wamezimaliza zote zikawa moja. Nenda Railways jioni, stendi ya Ronga. Mat tupu inaita, ya pili inaita, mayut wamesimama tu wakingoja nganya yao. Nauli ya nganya iko juu na wanalipa wakicheka. Mwenye nganya alikubali mstari wa njano, akachora kila mahali pengine.

Beshte yangu naye si kila kitu kilimwendea. Alijaribu ile ya "lipa ukishavaa" na ikamchoma. Rider anafika Kasa, anapiga simu, mteja amekuwa mteja. Hapa kwetu neno ni moja, yule wa kununua na yule wa kuzima simu, na wiki hiyo alikutana na wote. Mara sita rider amerudi na mzigo na anadai doo yake. Sasa amebadilisha: rwabe ya rider inakuja mbele, pesa ya longi ukishaivaa, rider anangoja mlangoni dakika tano. Haikukaa, unairudisha. Wenye walikuwa wanamchezea waliisha wenyewe.

Lakini kitu yake kali huioni kwa ukurasa. Ni kitabu cha shule, kiko chini ya kitanda, kurasa zimenywa chai. Alikianza 2020, ile Machi mpaka Agosti serikali ilikuwa imefunga mitumba isiingie juu ya korona. Stoko hakuna, kurasa zingine zimenyamaza ama zinaposti maombi. Yeye akafungua meseji zake za M-Pesa za zamani, akaandika kila jina lililowahi kumlipa, akaanza kuwasalimia mmoja mmoja. Uko aje, ile longi bado inakutosha? Wengine walikuwa wamenona na lokidauni, wakamwambia bila aibu. Akaandika kiuno, urefu, rangi mtu hawezi vaa hata umpe bure. Hakuwa na kitu ya kuuza, alikuwa anapima tu.

Wiki jana nilimsindikiza Gikosh. Katikati ya belo akavuta jinzi moja nyeusi, kamera kabisa, kiuno 36 lakini urefu 37. Wenzake walikuwa wameishika wakairusha, juu hiyo saizi utaiposti mpaka ichakae.

"Siz, hiyo nipe soo tatu uende," jamaa wa belo akasema.

Akatoa soo tatu. Hakuiposti. Akaipiga picha hapo hapo juu ya bega langu, akatumia mtu mmoja tu, ticha fulani wa Kitengela. Tulikuwa bado tunapuliza chai ya rangi kwa kibanda simu ikalia. M-Pesa, 900, na chini ya hapo ticha ameandika: "Uko na ingine kama hiyo?"