Nani Amemtaja Nani

Makala ya kisayansi iliyorejelewa kuliko zote haina ugunduzi wa kutikisa dunia. Inaeleza namna ya kupima protini iliyomo kwenye myeyusho. Oliver Lowry na wenzake watatu waliichapisha mwaka 1951, na tangu hapo imetajwa zaidi ya mara 300,000. Makala ya Watson na Crick ya 1953, iliyofichua umbo la DNA, haioni hata vumbi lake. Ni kwa nini? Kila aliyepima protini maabara alipaswa kusema ametumia njia ya nani, basi. Lowry mwenyewe alikiri kwamba haikuwa makala kubwa.

Daftari la hesabu hizi tumeachiwa na Mmarekani Eugene Garfield, naye wazo alilichota kwa wanasheria. Tangu 1873 mawakili wa Marekani walikuwa na orodha za Shepard, zilizowaonyesha hukumu fulani imetajwa wapi baadaye, tena kama imefuatwa, imepingwa au imetenguliwa. Mwaka 1955 Garfield alipendekeza faharasa ya namna hiyo kwa sayansi. Mwaka 1964 taasisi yake ya Philadelphia ikaitoa. Ila njiani kitu kilidondoka. Wakili aliambiwa hukumu imetajwa kwa heri au kwa shari. Mwanasayansi akabakiwa na idadi tupu.

Pengo hilo si dogo. Mwaka 1998 Andrew Wakefield aliihusisha chanjo ya surua na usonji katika jarida la The Lancet. Makala hiyo ilifutwa mwaka 2010, lakini imerejelewa mno, mara nyingi na watu wanaoikanusha. Kwenye hesabu, kila aliyeikanusha amemwongezea Wakefield alama moja.

Vipimo vya baadaye vimejengwa juu ya idadi hiyohiyo. Kile cha Jorge Hirsch cha 2005 ni chepesi: mwenye makala 10, kila moja ikiwa imetajwa walau mara 10, anapata 10. Vyuo vilikipenda, maana kamati haihitaji kusoma chochote.

Sasa mfikirie mwanaisimu wa Dar es Salaam anayeandika kwa Kiswahili. Tasnifu za fani yake zinaweza kumtaja moja baada ya nyingine, na bado faharasa kubwa, zinazoegemea majarida ya Kiingereza, zisimwone kabisa.

Ukiitwa kwenye kamati ya kupandisha vyeo, omba uletewe makala mbili tatu za mwombaji, uzisome.